Kulala Mtoni Nile: Tahadhari kwa Mgonjwa Anayesafiri na Dawa Zake

Zamani, mgonjwa wa Afrika Mashariki aliyekuja kliniki kuaga kwamba anakwenda ng'ambo aghalabu alikuwa anakwenda kutibiwa, na safari yake ilianza kwa barua ya rufaa. Siku hizi wapo wanaosafiri kwa ajili ya furaha tu: mstaafu aliyepata kiinua mgongo, wazazi wanaolipiwa tiketi na watoto wao walioko Ulaya au Ghuba, mume na mke wanaoadhimisha miaka 30 ya ndoa. Misri ni miongoni mwa nchi wanazozichagua, na aliyefika Misri hushawishika kupanda meli ya mtoni na kulala humo siku tatu au nne kati ya Luxor na Aswan. Kabla ya kuondoka hutuuliza maswali yale yale. Je, naweza kupanda ndege? Nichanjwe nini? Maji ya kule yananyweka? Ni maswali mazuri, lakini lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote huwa halijaulizwa: usiku, meli ikiwa inatembea, ni nani atakayejua kwamba umezidiwa?

Makala haya yanaandikwa kwa ajili ya mgonjwa mwenye maradhi ya kudumu anayetaka kufanya safari ya namna hiyo, na kwa ajili ya mhudumu wa afya atakayemwandaa. Msimamo wangu ni kwamba safari ya mtoni haina ugonjwa wake wa pekee wa kuogofya. Hatari yake ni kwamba inamchukua mgonjwa na ugonjwa alionao tayari, ikamweka kwa saa nyingi za usiku mbali na watu wanaoufahamu ugonjwa huo.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Kutoka Luxor hadi Aswan ni takriban kilomita 200, umbali ambao gari huumaliza kwa saa chache. Meli huugawa kwa makusudi katika siku kadhaa: husimama Edfu na Kom Ombo ili abiria wazuru mahekalu ya kale, na hupita Esna, mahali penye bwawa ambapo kila meli huingia katika kizimba cha maji na kungoja kina kipande au kishuke. Foleni ya kuingia kizimbani huweza kuchukua saa nyingi. Maji ni matulivu, kwa kuwa tangu Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 mto hauna tena mafuriko yake ya kila mwaka. Kwa sababu hiyo kichefuchefu cha baharini ni nadra, na sioni haja ya abiria kumeza vidonge vya kuzuia kutapika kana kwamba anavuka kwenda Pemba wakati wa kusi. Vingi kati ya vidonge hivyo huleta usingizi, na baadhi yake hupunguza jasho, jambo lisilofaa hata kidogo katika nchi ya joto kali.

Utulivu huo na ukaribu wa kingo humdanganya abiria. Akiwa juu ya sitaha huona mitende, punda, watoto wanaopunga mkono, taa za vijiji. Hudhani kwamba msaada uko hatua mia moja kutoka alipo. Kumbe meli haiwezi kutia nanga popote, kwani kingo nyingine zina maji mafupi na hazina gati wala barabara ya kumfikisha mtu wa gari la wagonjwa. Luxor na Aswan ni miji mikubwa yenye hospitali na madaktari bingwa. Katikati yake ipo miji midogo zaidi, na kati ya mji na mji yapo mashamba ya miwa. Meli nyingi za mtoni, tofauti na meli kubwa za baharini, hazina daktari wa kudumu. Zilizo na mpango bora huwa na daktari wa kuitwa kutoka mji wa karibu. Hili ni jambo la kuuliza kabla ya kulipa nauli.

Tumfikirie mama mmoja wa kubuni, mwalimu mstaafu wa miaka 62. Ana kisukari na shinikizo la damu. Anatumia metfomini pamoja na glibenklamidi kwa ajili ya sukari, na losatani iliyochanganywa na dawa ya kukojosha kwa ajili ya presha. Wagonjwa wa namna hii tunawaona kila siku, na nyumbani hali yake imetulia kwa miaka. Amesafiri na binti yake na wajukuu wawili. Binti amelala na watoto chumba kimoja. Mama, kwa heshima, amepewa chumba chake peke yake.

Siku hiyo ametembea juani kwa saa tatu, kazi ambayo nyumbani haifanyi. Chakula cha jioni kimechelewa na hakukipenda, akala kidogo. Vidonge amemeza kama kawaida, kwa kuwa mama huyu ni mgonjwa mtiifu. Misuli iliyofanya kazi mchana huendelea kuvuta sukari kutoka katika damu hadi usiku wa manane na hata siku ya pili yake, na glibenklamidi haijali kama mtu amekula au hakula: inaendelea kulisukuma kongosho litoe insulini. Saa tisa usiku anaamka ametota jasho, moyo unamwenda mbio, hajui yuko wapi. Bahati yake ni kwamba anaweza kufungua mlango. Mhudumu wa meli anamkuta koridoni akiyumba, anaita binti, wanampa soda. Baada ya dakika kumi na tano mama anazungumza vizuri, anacheka, anawaomba radhi kwa kuwaamsha. Kila mtu anashusha pumzi.

Hatari ya kweli inaanzia hapo. Asubuhi meli imefunga Edfu na abiria wanashuka mapema, wapandishwe gari la farasi kwenda hekaluni. Mama amechoka, wanamwambia, "Wewe pumzika, mama, tutarudi." Wanafunga mlango taratibu ili asisumbuliwe. Soda aliyokunywa imekwisha kazi yake zamani, ilhali glibenklamidi iliyomo mwilini bado inafanya kazi, na huenda ikaendelea kwa saa 24 au zaidi, hasa kwa mtu mwenye umri mkubwa au ambaye figo zake zimeanza kudhoofu. Sukari inashuka mara ya pili, safari hii hakuna wa kumwona, na usingizi unaoonekana kuwa wa uchovu unaweza kuwa ni kupoteza fahamu.

Nimelieleza tukio hili kwa urefu kwa sababu linazuilika kwa hatua ndogo. Mgonjwa anayetumia glibenklamidi au insulini asilale chumba cha peke yake. Kama ni lazima, awepo mtu mwenye ufunguo wa pili. Apime sukari kabla ya kulala. Akiwa ametembea sana mchana na kipimo kikawa chini ya 6 mmol/L, ale kitu chenye wanga kabla ya kuzima taa. Sukari iliyoshuka chini ya 3.9 irekebishwe kwa gramu 15 za sukari, yaani vijiko vitatu au vinne vya chai, kisha ipimwe tena baada ya dakika 15, na mgonjwa akishazinduka ale chakula halisi. Aliyekunywa glibenklamidi na sukari yake ikashuka asiachwe peke yake kwa siku nzima, apimwe kila baada ya saa chache, na inapowezekana apelekwe hospitali hata kama anasema amepona. Na kwa wenzangu waganga: safari ni fursa nzuri ya kujiuliza kama mzee huyu anahitaji kweli glibenklamidi, au dawa nyingine ya kundi hilo isiyokaa mwilini muda mrefu ingemfaa zaidi. Badiliko hilo lifanyike wiki kadhaa kabla ya safari, wala lisingoje siku ya kuaga. Swali la kumuuliza ni jepesi: "Mama, usiku utalala na nani?"

Baada ya usiku, joto. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar huamini kwamba joto analijua, na huko Aswan imani hiyo humponza. Pwani hewa imejaa unyevu. Jasho hutiririka, nguo hulowa, mtu anaona kwa macho yake kwamba anapoteza maji na hutafuta dafu. Aswan hewa ni kavu mno. Jasho hukauka likiwa bado linatoka, ngozi hubaki kavu, na mgeni hudhani hatoki jasho kabisa wakati amekwisha kupoteza lita nzima. Miezi ya kiangazi joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Kwa hiyo kipimo cha kufuata kule si jasho wala kiu bali mkojo: ukiwa mchache na wa rangi nzito, umechelewa kunywa.

Kwa mama wetu wa mfano jambo hili lina uzito wa pekee. Dawa ya kukojosha inatoa maji. Losatani inaizuia figo kujitetea pale maji yanapopungua. Akiongezea kuharisha, figo zinaweza kuumia ndani ya siku moja au mbili, na figo zikidhoofika metfomini na glibenklamidi hurundikana mwilini. Ndiyo maana tunawapa wagonjwa wa aina hii maelekezo ya siku ya ugonjwa, yaliyoandikwa na yasiyoachwa kwenye kumbukumbu: ukitapika au kuharisha kiasi cha kushindwa kushikilia maji, simamisha kwa muda dawa hizi na hizi, kunywa maji ya ORS, na urejee dawa zako ukishakula na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Kila mgonjwa ana orodha yake, na anayeiandika ni daktari wake. Jambo moja halibadiliki: mgonjwa anayetegemea insulini haachi insulini ya msingi hata kama hali chakula. Anaipima sukari mara nyingi zaidi na kurekebisha kipimo.

Mwenye selimundu naye asidanganyike na jina la jangwa. Mchana hukaushwa maji, na usiku wa Desemba na Januari huwa na baridi ambayo mtu wa pwani hajapata kuionja. Juu ya sitaha upepo wa mtoni hupenya hadi mifupani, na ndani ya chumba kiyoyozi humaliza kazi. Upungufu wa maji na baridi, vyote viwili, huchochea maumivu ya mifupa. Koti zito, soksi na chupa ya maji kando ya kitanda ni sehemu ya matibabu yake.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa huvumilia joto la chumbani, lisilozidi nyuzi 25 au 30 kulingana na maelezo ya mtengenezaji, kwa takriban wiki nne. Adui zake wawili ni jua la dirishani na barafu ya jokofu dogo la chumbani. Insulini iliyoganda hutupwa, hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Kwa matembezi ya mchana upo mfuko wa kitambaa unaoloweshwa maji, ambao hupoza kwa njia ile ile ya mtungi wa udongo: maji yanayokauka juu ya uso wake huondoka na joto. Hapa hewa kavu, iliyokuwa adui wa jasho letu, inakuwa rafiki. Mtungi hupoza vizuri zaidi Aswan kuliko Tanga, na Wamisri wana mtungi wao waitao zir, uliowapa maji baridi karne nyingi kabla ya umeme. Dawa zote za lazima zikae kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, zitoshe siku za safari na wiki moja ya ziada.

Kuhusu kuharisha sitasema mengi, kwani wasomaji wa jarida hili wanajua habari za maji safi na mikono misafi. Niongeze tu kwamba katika meli watu hula meza moja na kushika vijiko vile vile vya kupakulia, hivyo virusi vya kuharisha na kutapika huenea upesi, na jeli ya spiriti haviuwi vizuri. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo kinga. Loperamidi isitumike penye homa au damu katika choo.

Jambo linalonishughulisha zaidi ni homa. Tarehe 20 Oktoba 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa nchi isiyo na malaria, baada ya juhudi za karibu miaka 100. Kwa hiyo msafiri wetu hahitaji dawa za kuzuia malaria kwa ajili ya safari hiyo. Wengi huishia hapo, wakafurahi. Lakini malaria kali huchukua kwa kawaida siku 7 hadi 30 kujitokeza tangu mtu alipoumwa na mbu. Aliyelala kijijini Kilombero wiki moja kabla ya kupanda ndege anaweza kuanza kutetemeka akiwa amekaa sitahani anatazama machweo ya Kom Ombo. Ugonjwa ametoka nao nyumbani; ameupeleka mahali ambapo daktari kijana wa zamu huenda hajawahi kuuona. Daktari huyo atafikiria jua, chakula, mafua. Naye hana lawama, kwani hivyo ndivyo wagonjwa wake wengi walivyo.

Sisi tuliozoea malaria tuna kosa la upande wa pili: mgonjwa hudharau homa, humeza panadoli, husema itapita. Meli humsaidia kudharau, kwa kuwa kesho kuna hekalu jingine na tiketi imekwisha kulipiwa. Kanuni ni hii: homa kwa mtu aliyetoka eneo lenye malaria ndani ya siku 30 ni dharura, ipimwe siku hiyo hiyo, na mgonjwa mwenyewe atamke kabla hajaulizwa kwamba ametoka Tanzania, Kenya, Kongo au kwingineko kwenye malaria. Mimi huwaandikia baadhi ya wasafiri, hasa wajawazito wa miezi ya kati na watu wanaoishi na VVU, barua inayotaja malaria kwa jina, na dozi kamili ya dawa mseto inayowafaa waikabidhi kwa daktari atakayethibitisha ugonjwa, kwa sababu dawa hiyo si rahisi kuipata usiku katika mji ambao hauihitaji. Wapo wenzangu wanaoona kwamba kumpa mgonjwa dawa hiyo ni kumshawishi ajitibu kwa kubahatisha. Naiheshimu hoja yao, ila nikipima umbali na saa za usiku huegemea upande wa kumpa.

Lugha pia ni sehemu ya dharura. Kiarabu cha madrasa hakimtoshi mtu kueleza maumivu ya kifua, na Kiingereza cha mhudumu wa meli huenda kikaishia kwenye orodha ya vyakula. Hata hivyo msemaji wa Kiswahili si mgeni kabisa: maneno yetu dawa, damu na homa yana asili ya Kiarabu na yatatambulika, na Wamisri huuita ugonjwa wa kisukari kwa jina la sukari tu, kama wafanyavyo wazee wetu. Presha ndiyo haitaeleweka; wao husema daght. Msafiri mwenye maradhi ya kudumu abebe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza na ikiwezekana kwa Kiarabu, wenye majina ya magonjwa, majina halisi ya dawa badala ya majina ya kibiashara, vipimo vyake, mzio alionao, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Saa za dawa ziandikwe kwa mfumo wa saa 24. "Saa mbili usiku" ya kwetu, ikitafsiriwa na mtu mwenye haraka, huwa dawa ya saa nane za usiku. Na abiria akiambiwa kwa Kiingereza kwamba safari ya Abu Simbel inaondoka "saa nne", ajue ni saa kumi alfajiri, hivyo kifungua kinywa na dawa za asubuhi vipangwe upya. Tofauti ya saa kati ya nchi zetu na Misri ni moja tu, na miezi ya majira yao ya joto haipo kabisa. Ratiba ya meli ndiyo inayovuruga dawa.

Namba ya kuita gari la wagonjwa nchini Misri ni 123. Iandikwe kwenye ukurasa ule ule.

Kuna dawa moja ambayo haina budi kutajwa peke yake. Tramadoli, ambayo baadhi ya wagonjwa wetu wa selimundu, saratani na mgongo huitumia kwa cheti halali, ni dawa inayodhibitiwa vikali Misri. Wapo watalii waliowahi kufungwa kwa kuingia nayo. Barua ya daktari pekee isihesabiwe kuwa kinga. Ubalozi wa Misri uulizwe mapema, kwa maandishi, na kama jibu si wazi, daktari atafute dawa nyingine ya maumivu. Msafiri asikubali pia kumbebea jirani au ndugu vidonge asivyovijua. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho hudaiwa kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kama Kenya na Uganda. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na tangu mwaka 2016 cheti chake hudumu maisha yote.

Mto wenyewe nao una historia ya kitabibu. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz aligundua mnyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, na kwa jina lake ugonjwa ukaitwa bilharzia. Misri imepambana nao kwa miongo mingi na kuupunguza sana. Hata hivyo, karibu na Aswan abiria hualikwa kuruka majini kutoka kwenye mashua za tanga, nami nawasihi waache. Aliyekwisha kuoga asitishwe: aje apimwe wiki sita hadi nane baadaye, na akikutwa na mnyoo atibiwe kwa prazikwanteli, gramu 0.04 kwa kila kilo ya uzito wake. Nakiri kwamba wengi wa wasafiri wetu wa Mwanza, Kisumu au Jinja wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nao tayari kutoka ziwani kwao.

Gatini Luxor meli hufungwa ubavu kwa ubavu, tatu, nne na hata zaidi, na abiria wa meli ya nje hupita katika kumbi za meli nyingine ili afike nchi kavu. Jenereta zinanguruma na moshi huingia madirishani. Mwenye pumu aombe chumba cha juu, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni na si kwenye sanduku. Mwenye magoti mabovu au anayetumia kiti cha magurudumu afahamu kwamba kati ya meli na meli pana vizingiti na ngazi, na kati ya meli na gati huwekwa ubao mwembamba. Machela hupita njia hiyo hiyo. Bima ya safari isomwe kwa jicho la namna hii: je, inagharimia ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla? Inagharimia kumhamisha mgonjwa kwa ndege hadi Cairo au nyumbani? Bima nyingi za bei nafuu hujibu hapana kwa yote mawili, kwa herufi ndogo.

Wapo ambao huwashauri wasilale mtoni kabisa: aliyepata shambulio la moyo au kiharusi wiki za karibuni, mwenye moyo ulioshindwa na ambaye bado anavimba miguu, mjamzito wa miezi ya mwisho, na anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Hawa hawakosi Nile kwa sababu hiyo. Wanaweza kukaa hotelini Aswan au Luxor, karibu na hospitali, na kupanda mashua ya tanga kwa saa mbili jioni. Anayesafishwa damu ahakikishe nafasi ya mashine imepangwa kwa maandishi kabla hajanunua tiketi, pamoja na majibu ya vipimo vyake vya homa ya ini na VVU, kwani kituo chochote makini kitavidai.

Msafiri akirudi, kazi huhamia kwa mhudumu wa zahanati. Mtu anayekuja na homa na kikohozi ndani ya wiki mbili baada ya kulala melini aulizwe kuhusu bafu na bwawa la maji moto la sitahani, kwa sababu bakteria wa lejionela huishi katika mabomba yenye maji ya uvuguvugu na huvutwa pamoja na mvuke wake. Homa yake ya mapafu haiponi kwa amoksilini. Inahitaji azithromaisini au dawa nyingine ya aina yake, na mara nyingi huambatana na kuharisha na kuchanganyikiwa, hata ikadhaniwa kuwa malaria. Kipimo cha malaria kifanywe vilevile. Na neno "meli" liandikwe kwenye faili siku ya kwanza, kwa kuwa mgonjwa akihamishiwa hospitali ya mkoa usiku, huenda asiwe na nguvu za kulitamka tena.